Mlio wa Tezo na Fremu Yake

Fundi wa majahazi anapoinua tezo, kile chombo chake cha kuchongea mbao, na kuishusha juu ya ubao, macho ya mtazamaji hujua mlio utakuja lini kabla masikio hayajausikia. Hakuna aliyemfundisha, amelijua jambo hilo tangu utotoni kwa kuwatazama watu wakipasua kuni, wakitwanga kisamvu na kupigilia misumari. Mlio ukitangulia kidogo tu, au ukichelewa kupita kiasi, anahisi kuna kitu kimeharibika, hata kama hawezi kusema ni kitu gani. Kwa wiki tatu nimekuwa nikishughulikia sauti ya filamu ya dakika 26 kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuutafutia kila mlio mahali pake. Naandika hapa yale niliyokutana nayo, kwa sababu vijana kadhaa wanaoianza kazi hii wameniuliza swali lile lile: kwa nini sauti zao zinakaa vizuri mwanzoni mwa filamu, kisha zinaachana na picha kadiri filamu inavyosonga mbele?

Mahali pa mlio huandikwa kwa taimukodi, yaani namba yenye jozi nne: saa, dakika, sekunde na fremu, ambayo ni picha moja kati ya zile nyingi zinazounda kila sekunde ya filamu. Tezo ya kwanza katika filamu yetu niliiandikia 01:07:12:08. Filamu inaanza kwenye 01:00:00:00, kwa hiyo pigo hilo liko dakika saba na sekunde kumi na mbili baada ya mwanzo, kwenye fremu yenye namba 08, ambayo ni picha ya tisa ya sekunde ile kwa kuwa fremu huhesabiwa kuanzia 00. Ile saa 01 ya mwanzo huwashangaza wengi. Inatokana na enzi za kanda za video, ambapo mashine ilihitaji kurudi nyuma sekunde kadhaa kabla ya filamu ili ipate mwendo wake kamili. Kama filamu ingeanza kwenye sifuri, kurudi nyuma kungeipeleka mashine kwenye saa 23 ya siku iliyotangulia na kuivuruga hesabu. Kanda zimetoweka, lakini desturi imebaki. Uingereza televisheni zimezoea kuanzia 10:00:00:00, na kwa maana ya kazi hakuna tofauti yoyote, ilimradi wahusika wote wamekubaliana.

Jozi ya mwisho ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu haina maana yoyote mpaka ujue sekunde moja ina fremu ngapi. Ukiandika 12 kwenye nafasi ya fremu, katika filamu ya sinema yenye fremu 24 umesema nusu sekunde kamili. Katika televisheni yenye fremu 25, ambayo ndiyo iliyozoeleka Afrika Mashariki na Ulaya kutokana na umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, umesema sekunde 0.48, na katika hesabu ya fremu 30 umesema sekunde 0.4. Namba ni ile ile, ila mahali ni patatu tofauti. Ndiyo maana siku hizi sipokei orodha ya taimukodi kutoka kwa mtu yeyote kabla hajaniandikia juu ya ukurasa ni fremu ngapi kwa sekunde.

Nilipokuwa najifunza, nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba nahangaika kuelewa fremu moja ni muda gani hasa. Akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukuwa na namba kwenye kioo, tulikuwa na ukanda mkononi." Akanionyesha kwa kidole. Ukanda wa sauti uliokwenda kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde ulipita mbele ya kichwa cha kusomea kiasi cha sentimita moja na nusu katika muda wa fremu moja ya televisheni yetu, yaani milisekunde 40 (milisekunde ni sehemu moja katika elfu ya sekunde). Hiyo ni kama upana wa kidole. Alikuwa akiutia ukanda alama kwa penseli ya nta, akaukata kwa wembe na kuuunganisha kwa gundi, na aliweza kuona kwa macho kwamba nusu ya kidole ni nusu ya fremu. Tangu siku ile naufikiria muda kama urefu, na kila ninaposogeza klipu, yaani kipande cha sauti, kwenye kioo cha kompyuta nakiona kidole chake. Namshukuru mno kwa somo hilo.

Sasa nirudi kwenye swali la vijana. Filamu yetu ilihaririwa mara ya kwanza na mhariri anayeishi Marekani, na kwa kuwa picha nyingi za awali zilipigwa kwa simu, aliiweka kwenye fremu 29.97 kwa sekunde. Kiasi hicho cha ajabu kina historia yake: mwaka 1953, Wamarekani walipoingiza rangi kwenye televisheni, waliipunguza kasi ya fremu 30 kwa sehemu moja katika elfu, ili mawimbi ya rangi yasigongane na mawimbi ya sauti. Lakini fremu zenyewe zinaendelea kuhesabiwa 30 kwa kila sekunde iliyoandikwa. Matokeo yake ni kwamba sekunde ya taimukodi hiyo ni ndefu kidogo kuliko sekunde ya saa ya ukutani, na ikifika saa nzima kwenye taimukodi, saa ya ukutani imekwisha kupita kwa sekunde 3.6. Wao wenyewe walilitambua tatizo, wakabuni hesabu ya pili inayoruka namba mbili, 00 na 01, mwanzoni mwa kila dakika isipokuwa kila dakika ya kumi. Hakuna picha inayotupwa katika hesabu hiyo. Zinazorukwa ni namba tu, 108 kwa saa, na namba 108 ndizo zile sekunde 3.6. Mhariri wetu alitumia hesabu isiyoruka.

Filamu ilipogeuzwa kuwa ya fremu 25 kwa ajili ya televisheni za huku, urefu wake wa kweli haukubadilika, lakini orodha ya maneno ya msimulizi, iliyoonyesha kila aya ianzie wapi, ilibaki na namba za hesabu ya zamani. Niliipachika sauti ya msimulizi kwa kuifuata orodha ile kwa uaminifu kabisa. Dakika ya kwanza ilikuwa salama, kwa kuwa kosa lilikuwa fremu moja na nusu, na usimulizi hauonyeshi kosa dogo namna hiyo. Dakika ya kumi kosa lilikuwa limefika fremu 15, na msimulizi alianza kuitaja keekee, kifaa cha kutobolea mbao, wakati picha bado inaonyesha rundo la mbao. Aya ya mwisho iliyoandikwa 01:24:00:00 ilipaswa kukaa 01:24:01:11, karibu sekunde moja na nusu baadaye, nayo ilianza kabla jahazi halijagusa maji.

Hapo ndipo penye jibu la swali lile. Sauti ikiachana na picha, jambo la kwanza ni kupima kosa mahali pawili, karibu na mwanzo na karibu na mwisho. Likiwa sawa kote, sehemu ya kuanzia ndiyo yenye hitilafu, na dawa yake ni kuzisogeza klipu zote kwa kiasi kimoja. Likiwa linakua, kasi ndiyo yenye hitilafu, na hakuna kusogeza kutakakoliponya. Ukilinganisha mwanzo utaharibu mwisho, ukilinganisha mwisho utaharibu mwanzo. Nimewaona watu wakikesha wakisogeza klipu moja moja kwa masikio, kutoka mwanzo hadi mwisho, kumbe kosa lilikuwa moja tu nalo lingeondolewa kwa kuuzidisha muda wa kila klipu, uliohesabiwa tangu mwanzo wa filamu, kwa 1.001. Mimi mwenyewe nilifika aya ya sita nikisogeza kwa masikio kabla sijasimama na kupima.

Kosa linalokua lina vyanzo vingine pia. Simu nyingi hazirekodi kwa fremu zisizobadilika; mwanga ukipungua, simu huongeza muda wa kila picha, na fremu za sekunde moja hupungua bila kutoa taarifa. Picha zetu za wakati wa magharibi, mafundi wakikusanya vifaa, zilikuwa hivyo. Picha za namna hiyo nazigeuza kwanza ziwe na idadi moja ya fremu, kwa programu kama HandBrake, kabla sijaweka hata klipu moja ya sauti. Kinasa sauti nacho kina saa yake ya ndani isiyolingana kabisa na ile ya kamera: tofauti ya sehemu kumi katika milioni, ambayo mtu angeiona kuwa si kitu, huzaa milisekunde 36 kwa saa, karibu fremu nzima. Kwa klipu fupi za tezo haina madhara, lakini kwa mazungumzo marefu yaliyorekodiwa bila kukatishwa ni lazima ikumbukwe.

Kosa lisilokua lilitupata kwa njia ambayo, nadhani, linaweza kumpata Mswahili kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Mafaili ya sauti ya aina ya BWF, yaliyowekwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya mwaka 1997, hubeba ndani yake muda wa kuanza kurekodi, ukiwa umeandikwa kama idadi ya sampuli, yaani vile vipimo vidogo vya sauti ambavyo kinasa huchukua maelfu kwa sekunde, tangu usiku wa manane. Programu za kuhariri husoma idadi hiyo na kuipeleka klipu mahali pake zenyewe: katika Pro Tools utaikuta kwenye hali iitwayo Spot, na Reaper nayo ina amri ya kuihamisha klipu hadi pale faili lenyewe linapotaka kukaa. Nilipoitumia njia hiyo, klipu zote za siku ya pili ziliangukia mbali kabisa na picha, mahali pasipokuwa na chochote. Nikachukua klipu moja nikaipima. Kamera ilisema 10:15, kinasa sauti kilisema 04:15. Kijana aliyekiwasha kinasa asubuhi ile alikuwa ameiweka saa yake kwa namna tunavyoisema sote: ilikuwa saa nne na robo.

Kwake yeye hakukosea. Saa zetu za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na saa nne ni saa nne. Mashine ndiyo inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ilikuwa saa sita kamili, ambazo kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni sampuli 1,036,800,000, na kwa kuwa ilikuwa ile ile kwa kila faili la siku hiyo, niliyachagua mafaili yote na kuyaongezea 06:00:00:00 kwa mara moja. Kazi iliyokuwa imenitisha asubuhi ilikwisha kabla ya chai. Tangu hapo tumekubaliana kwamba karatasi za kumbukumbu za uwanjani zinaandikwa kwa saa ya mashine, na anayependa aandike saa ya Kiswahili pembeni kwa maneno, "saa nne na robo asubuhi," ambayo haiwezi kuchanganywa na tarakimu.

Hata baada ya marekebisho hayo, muda ulioandikwa ndani ya faili haukutosha kuniweka kwenye fremu yenyewe, kwa sababu saa za vifaa viwili zilizowekwa kwa mkono huweza kutofautiana kwa sekunde moja au mbili. Unakufikisha mtaani, nyumba unaitafuta mwenyewe. Palipokuwa na klapa, ule ubao unaogongwa mbele ya kamera, nilitumia klapa: fremu ambayo ubao wake wa juu umegusa wa chini, na kilele cha kwanza kwenye mchoro wa mawimbi. Pasipokuwa na klapa, katika mahojiano, nilitumia midomo. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa maneno yetu yamejaa herufi zinazoifunga midomo. Fundi anaposema "mbao", "pamba" au "bahari", kuna fremu ambamo midomo imefumba na fremu inayofuata imeachia, na kwenye sauti kuna mlipuko mdogo wa b au p mahali hapo hapo. Maneno mawili ya namna hiyo, moja mwanzoni mwa mahojiano na jingine mwishoni, yanatosha, tena yanakuonyesha kama kosa linakua.

Nije sasa kwenye tezo yenyewe, kwa maana katika baadhi ya picha sauti ya uwanjani ilikuwa imefunikwa na upepo, na tulirudi kurekodi milio ya vifaa kivyake, karibu, mahali palipokuwa na utulivu. Klipu ya tezo haianzi na mlio. Inaanza na pumzi ya fundi, nguo ikisugua mkono, hewa ikipasuliwa na kifaa kinachoshuka, kisha ndipo chuma kinapokutana na ubao. Katika klipu niliyoichagua, kutoka mwanzo wa faili hadi mgongano ni fremu tisa. Anayeanza huupeleka mwanzo wa faili kwenye fremu ya mgongano, kwa kuwa ndivyo programu inavyofanya usipoielekeza, na mlio unachelewa kwa fremu tisa. Ama atafanya vibaya zaidi: atakata zile fremu tisa za mwanzo ili faili lianze na mlio, na atapata pigo lisilo na mkono wala mwili.

Mimi naamini kabisa kwamba kinachopachikwa kwenye taimukodi ni ile nukta ndani ya klipu inayomgusa mtazamaji, na mwanzo wa faili unaifuata nukta hiyo popote iendapo. Programu nyingi zinaijua hesabu hii. Pro Tools inakuruhusu kuitia klipu alama ya kulinganishia, na Reaper ina alama ya mshikio ndani ya klipu ambayo ndiyo inayonaswa kwenye namba unayoitaka. Ukikosa zana hiyo, hesabu kwa mkono: mgongano uko 01:07:12:08, toa fremu tisa, faili lianze 01:07:11:24. Kumbuka tu kwamba ukishuka chini ya 00 unakwenda 24 ya sekunde iliyotangulia, hufiki 29 wala 99.

Kisha kuna kuchagua fremu ya mgongano. Tezo inakwenda kasi, na katika milisekunde 40 za fremu moja inaacha ukungu tu. Kwenye fremu 07 niliona ukungu, kwenye 08 niliona tezo imetulia juu ya ubao, ndipo nikachagua 08. Nitalirudia jambo hili.

Fremu moja ni muda mfupi, lakini binadamu hauhukumu kwa haki pande zote mbili. Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, katika pendekezo lake BT.1359 la mwaka 1998, liliweka kipimo kwamba watazamaji huanza kutambua kosa sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hawalitambui mpaka ifike kama milisekunde 125. Yaani fremu moja na kidogo upande mmoja, fremu tatu upande wa pili. Sababu iko ufukweni Nungwi kwa yeyote anayetaka kuiona. Simama mita mia moja kutoka kwa fundi: utaiona nyundo ikitua, kisha mlio utakufikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde, kwa kuwa sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na mita 349 hivi katika joto la nyuzi 30. Masikio yetu yamezoea maisha yote mlio unaofuata tendo. Hayajawahi kukutana na mlio unaolitangulia.

Ufuko huo ulinipa tatizo ambalo nililifikiria kwa siku mbili. Katika filamu kuna picha ya karibu ya nyundo ikipiga msumari, kisha picha inakatwa tunamwona fundi yule yule kutoka mbali, kama mita mia moja, akiendelea kupiga. Ukweli wa maumbile unasema mlio wa picha ya pili uchelewe kwa fremu saba. Niliuweka hivyo, nikatazama, na ilionekana kama kazi mbovu. Mtazamaji aliyekuwa karibu na nyundo sekunde moja iliyopita hajui kwamba amehamishwa mita mia, na mapigo yakaonekana kutua wakati nyundo iko juu. Nikauweka kwenye fremu yenyewe ya pigo, bila kuchelewa hata kidogo, na umbali wote ukapotea: fundi akawa mtu mdogo mwenye sauti kubwa iliyobandikwa juu yake. Mwishowe niliuchelewesha kwa fremu mbili, milisekunde 80, nikaupunguza ukubwa na kuufifisha ukali wake wa juu. Uko ndani ya kipimo ambacho mtu hakitambui kuwa kosa, ila mwili unahisi kwamba hewa ipo katikati. Mwingine angeamua vingine, nami nisingebishana naye sana, lakini kwa picha hii naliona kuwa jibu sahihi.

Si kila kifaa kina ukali wa tezo. Keekee, kwa mfano, huzungushwa kwa uta unaovutwa mbele na nyuma, na sauti yake ni ya kukereza mfululizo. Kinachoonekana na kusikika kwa pamoja ni pale uta unapogeuza mwelekeo. Niliilinganisha kwenye mageuzi hayo, na hata ilipokuwa nje kwa fremu tatu sikuona dosari. Kazi ya kukalafati ilikuwa ngumu kuliko zote. Fundi anaishindilia pamba kwenye nyufa za mbao kwa mapigo ya haraka, karibu matatu kwa sekunde, yaani pigo moja kila fremu nane hivi. Katika mapigo yanayofanana namna hiyo unaweza kuiweka klipu ikiwa imekosea pigo zima na bado ikaonekana kuoana, mpaka fundi anaposita au kuongeza kasi, na ghafla kila kitu kinavurugika. Dawa niliyoipata ni kutafuta kimya. Fundi husimama kila baada ya muda ili ashike pamba nyingine, na pigo la kwanza baada ya kusimama haliwezi kuchanganywa na jingine lolote. Nilipachika mapigo hayo ya kwanza tu, saba kwa jumla, nikazikata klipu kwenye kimya kilichoyatangulia, na yale mengine yote yakajipanga yenyewe.

Kuna mahali pamoja ambapo fremu ni kipimo kikubwa mno. Kelele za kulisukuma jahazi majini, watu wakiitikiana na kuvuta kamba, zilirekodiwa kwa maikrofoni mbili kwa pamoja. Ndani ya fremu moja ya 25 kuna sampuli 1,920. Sauti mbili za tukio moja zikipishana kwa sampuli 24 tu, ambazo ni nusu ya milisekunde, mawimbi ya mizunguko 1,000 kwa sekunde yanakutana kilele kwa bonde na kufutana, na sauti za watu zinakuwa kama zinatoka ndani ya mtungi. Kuzilinganisha kwa fremu hakusaidii kitu. Niliukuza mchoro wa mawimbi mpaka nikaziona sampuli, nikatafuta kofi moja la wazi, nikaisogeza maikrofoni ya pili mpaka vilele vikakaa sambamba, kisha nikazifunga klipu hizo mbili pamoja ili zisije zikatengana tena. Taimukodi iliamua pamoja zikae wapi kwenye filamu.

Usimulizi nao una nukta yake ya ndani. Msimulizi wetu ni mama mwenye sauti ya taratibu, na kabla ya kila aya huvuta pumzi inayosikika, kama fremu kumi. Niliziacha pumzi hizo, nikaweka alama kwenye silabi ya kwanza, na kwa kawaida silabi hiyo naipachika fremu nane hadi kumi na mbili baada ya picha kubadilika, ili jicho lipate kutua kwanza. Kwa njia hiyo pumzi inaangukia karibu na mkato wa picha, na mkato wenyewe unalainika.

Kazi ilipokamilika niliweka mlio wa alama, tuni ya mizunguko 1,000 yenye urefu wa fremu moja, kwenye 00:59:58:00, sekunde mbili kamili kabla ya filamu kuanza, na mwingine sekunde mbili baada ya fremu ya mwisho. Mhariri akiliweka faili langu chini ya picha zake, mlio wa kwanza unamwonyesha kama sehemu ya kuanzia ni sahihi, na wa pili unamwonyesha kama kasi ni sahihi. Ni kile kipimo cha mahali pawili nilichokieleza, kikiwa kimefungwa ndani ya faili lenyewe. Wengi huweka wa kwanza tu. Nawasihi waweke yote miwili.

Nililituma faili juzi usiku. Asubuhi mhariri akanijibu kwamba milio yote miwili imeangukia kwenye fremu zake, usimulizi umekaa, na kofi la kamba limemfurahisha, ila tezo ya kwanza anaiona imechelewa kidogo, na ameitazama mara nne. Niliifungua tena sehemu ile na kuipitisha fremu moja moja. Kwenye 07 tezo bado ni ukungu, kama nilivyoiona awali. Lakini safari hii niliukodolea macho ubao badala ya chuma, na pembeni kidogo, juu ya ukungu ule, kibanzi kimoja kilikuwa kimekwisha kuruka. Chuma kilikuwa kimegusa. Nimeihamishia alama kwenye 01:07:12:07, faili sasa linaanza 01:07:11:23, na nimelituma upya.